Mlima Uliohama

Katika vitabu vya kale vya China hapana mlima uliopewa cheo kikubwa kama Kunlun. Shanhaijing, yaani Kitabu cha Milima na Bahari, kilichokusanywa na mikono mingi tangu karne ya 4 Kabla ya Kristo hivi hadi zama za dola ya Han, chaueleza kuwa ni mji wa Mungu Mkuu hapa duniani, wenye milango ilindwayo na mnyama wa vichwa tisa, na kwamba Mto wa Manjano hutoka pembeni mwake. Pande hizo hizo za magharibi alikaa Xiwangmu, Mama Malkia wa Magharibi, mwenye mkia wa chui na meno ya chui milia.

Msomaji wa leo huyaona hayo kuwa ngano tupu. Lakini kitabu chenyewe kimeandikwa kama daftari la msafiri: kutoka mlima huu kwenda magharibi ni mwendo wa kadha wa kadha, hapo pana shaba, pana mti fulani, na sadaka ya mungu wake ni hii. Ajabu na hesabu zililala katika ukurasa mmoja, wala hapakuwa na ugomvi baina yake.

Ugomvi ulikuja na mtu aliyekwenda kutazama. Mnamo mwaka 138 K.K. Mfalme Wu wa Han alimtuma Zhang Qian magharibi kutafuta washirika wa vita juu ya Waxiongnu. Alishikwa na maadui hao hao, akakaa kwao zaidi ya miaka kumi, akatoroka, akafika Bactria, na mwaka 126 K.K. akarudi na mtu mmoja tu katika mia na zaidi aliotoka nao. Aliona farasi wa Fergana, aliona divai ya zabibu, aliona hata nguo za Shu, nchi ya China yenyewe, zilizofika Bactria kwa njia ya Bara Hindi. Mji wa Mungu hakuuona.

Habari hiyo ingetosha kuuvunja mlima, lakini haikuuvunja. Wajumbe wa baadaye walisema kuwa Mto wa Manjano waanzia katika milima ya Khotan yenye vito. Mfalme akafunua vitabu vya kale, akaipa milima ile jina la Kunlun. Jina hilo lingali katika ramani hata leo, ingawa chanzo cha kweli cha mto kiko mbali mashariki, katika nchi ya Qinghai.

Sima Qian, mwanahistoria wa zama hizo, hakuridhika. Aliuliza: baada ya safari ya Zhang Qian, ni nani aliyeuona Kunlun usimuliwao? Ajabu za Shanhaijing akasema hathubutu kuzinena. Swali hilo si dogo, kwani aliyekwisha kuutia mlima jina ni Mfalme, na Mfalme huyo ndiye aliyemtia Sima Qian adhabu ya kuhasiwa kwa sababu ya kumtetea jemadari aliyeshindwa.

Malkia naye alihama. Sima Qian ataja wazee wa Anxi, yaani Parthia, ambao walisikia kuwa yuko Tiaozhi, nchi idhaniwayo kuwa pande za Mesopotamia, bila kupata kumwona. Mwaka 97 B.K. mjumbe Gan Ying alifika bahari ya nchi ile, akatishwa na mabaharia, akarudi. Na katika historia ya Han iliyoandikwa baadaye, makao ya Malkia yamekwisha kusogezwa mpaka magharibi ya Dola ya Roma, karibu na machweo ya jua.

Karne nyingi zikapita, macho yakageukia kusini. Mwaka 1178 Zhou Qufei aliandika juu ya nchi ya Kunlun Cengqi, katika bahari ya kusini-magharibi. Wataalamu wengi huona kuwa Cengqi ni Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, na Kunlun hiyo imeandikwa kwa herufi zile zile za mlima. Zhou ataja pembe za ndovu na watu weusi waliotekwa na kuuzwa utumwani, mambo ya kweli kabisa. Na juu yao ataja ndege mkubwa azibaye jua arukapo, amezaye ngamia mzima.