Ukumbusho wa Mbaraka: Nani Aliupanga?

Sisi wa Magomeni, Kilosa, Mbaraka Mwinshehe tunamwita wetu, maana jina lake lilikulia Morogoro. Lakini albamu za Ukumbusho tunazozihakiki hakuzipanga yeye. Alifariki Mombasa Januari 1979. Polygram ya Kenya ikazikusanya nyimbo baadaye. Akiwa hai, zilitoka kwenye santuri ndogo, na wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Msikilizaji aligeuza sahani katikati ya kisa! Leo mhakiki anasoma mtiririko wa albamu eti ndiyo dhamira ya msanii. Hapana, jamani. Tumhakiki kwa santuri na miaka yake: Morogoro Jazz hadi 1973, kisha Super Volcano. Mpangilio ni wa kampuni. Maneno ndiyo yake.