Nabii wa Galilaya: Yona, Yesu na mwambao wa Rumonge

Kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, Waislamu na Wakristo wanakubaliana katika jambo moja ambalo wahubiri wengi wa Kikristo hulipita mbio: mwana wa Mariamu ni nabii. Mwislamu hulitamka bila kusita. Mkristo naye hukiri, kisha papo hapo hukimbilia Mwana wa Mungu, Mwokozi, Bwana, kana kwamba unabii ni cheo cha mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu. Nashikilia kwamba haraka hiyo inawagharimu Wakristo wenyewe. Wazee wao wa imani hawakuona haya kumwita nabii. Eusebio wa Kaisaria, katika karne ya 4, alimweleza Kristo kwa huduma tatu za nabii, kuhani na mfalme, na Calvin akaipa hoja hiyo mahali pake katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, mwaka 1559. Linalobaki kujadiliwa ni alikuwa nabii wa namna gani akiwekwa kando ya wale wa Israeli, na hapo tumezoea kumlinganisha na manabii wasiotufikisha mbali.

Hali ya Rumonge, mji ulio kwenye mwambao huo, ina historia yake. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika hapo mwaka 1879, miaka mingi kabla ya kupanda milima ya Burundi. Tarehe 4 Mei 1881, Deniaud, Augier na msaidizi wao mlei D'Hoop waliuawa katika ugomvi uliohusu kijana aliyekuwa chini ya misheni, na kituo kikaachwa. Kanisa lilipopata makao ya kudumu nchini, liliyapata bara: Muyaga mwaka 1898, Mugera mwaka 1899. Huku ufukweni, biashara ya Ujiji ilikuwa imekwisha kuleta Kiswahili, kanzu na msikiti. Ndiyo maana mtoto wa Rumonge, mjini kwenye waumini wa dini zote mbili mtaa mmoja, hukua akisikia habari za Isa na za Yesu kwa pamoja, jambo ambalo mwenzake wa milimani huenda asilipate mpaka aje mjini.

Ujiji hiyohiyo ilimtoa Musa Hussein, mwalimu aliyeifundisha Biblia kwa hoja za Kiislamu, na wanafunzi wake Ngariba na Kawemba wakaisambaza elimu hiyo Afrika Mashariki kwa mihadhara ya wazi na kitabu chao, Uislamu katika Biblia. Andiko lililopigiwa debe kuliko mengine ni Kumbukumbu la Torati sura ya 18, ahadi ya nabii aliye mfano wa Musa. Mhadhiri huhesabu: Musa alizaliwa na baba na mama, akaoa, akaongoza taifa, akafa kifo cha kawaida, basi anayefanana naye ni Muhammad. Mchungaji hujibu kwa Matendo ya Mitume sura ya 3 na ya 7, ambako Petro na Stefano wanalielekeza andiko lilelile kwa Yesu. Mashindano ya namna hiyo hayana kipenga cha mwisho, kwa kuwa mfanano hutegemea sifa ulizoamua kuzihesabu. Nimesikiliza ya kutosha kujua kwamba kila upande hurudi nyumbani umeshinda.

Eliya na Elisha nao hawatusaidii sana. Yesu anamfufua mwana wa mjane kule Naini, si mbali na Shunemu alikofufua Elisha, na umati unatangaza kwamba nabii mkuu ametokea. Elisha alilisha watu mia kwa mikate ishirini. Yesu anawalisha elfu tano kwa mitano. Kwa hesabu hiyo tunapata Elisha aliyeongezewa nguvu, basi. Wahubiri wa miujiza wa siku hizi wanaipenda hesabu hiyo kwa sababu zao, na nyingine tunazijua.

Nabii ninayemtaka mezani ni Yona. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 14, kinasema kwao ni Gath-heferi, kijiji cha Galilaya kilichokuwa karibu na Nazareti, na kinamweka zama za Yeroboamu wa Pili, karne ya 8 kabla ya Kristo. Wakubwa wa Yerusalemu wanaodai, katika Yohana sura ya 7, kwamba Galilaya haitoi nabii, ama wamesahau ama wanajisahaulisha. Waislamu nao wanamjua kama Yunus, mwenye sura yake katika Qur'ani, ya 10, na aitwaye pia Dhun-Nun, mtu wa samaki. Hapa hakuna upande unaomkodi nabii wa mwenzake.

Wavuvi wa Rumonge hutoka jioni kufuata ndagala kwa taa, usiku usio na mbalamwezi, na upepo wa kusini wa kiangazi ukiwakuta katikati ya maji hawana pa kujificha. (Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 hivi, la kwetu linapita 670. Mvuvi wa hapa ana haki ya kutabasamu kidogo.) Msomee mtu huyo Yona sura ya 1, kisha Marko sura ya 4, wala hahitaji mfafanuzi. Dhoruba kuu, chombo kinakaribia kuvunjika au kujaa maji, na abiria mmoja amelala: Yona chini ndani ya merikebu, Yesu kwenye shetri, kichwa juu ya mto. Wote wawili wanaamshwa na watu waliokata tamaa. Baada ya hapo bahari inatulia na waliomo wanashikwa na hofu kubwa kuliko ile ya mawimbi.

Marko amesimulia hivyo akijua anachofanya, na kwa sababu mambo yanalingana kiasi hicho, pale yanapoachana panaonekana wazi. Mabaharia wa Yona wanaambiwa wamtupe majini ndipo bahari itulie. Yeye ndiye kosa lililomo chomboni. Yesu anaukemea upepo mwenyewe. Marko hataji sala yoyote, na wanafunzi wanabaki wakiulizana huyu ni nani. Mwislamu anaweza kujibu kwamba Isa alitenda miujiza kwa idhini ya Mungu, kama Sura ya 3 inavyosema, na jibu hilo lina uzito. Lakini swali lenyewe limezaliwa ndani ya masimulizi ya nabii. Asiyemruhusu Yesu kulala chomboni kama Yona hawezi kushangaa anapoamka.

Tofauti ya pili inauma zaidi. Yona anakimbia ili asiwapelekee wageni ujumbe. Yesu anavuka ziwa kwa hiari yake kwenda kwa Wagerasi, na kule Nazareti nusura asukumwe kwenye ukingo wa mlima kwa kuwakumbusha watu wa kwao kwamba Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta na Elisha alimtakasa Naamani wa Shamu. Nchini Burundi, ambako Mswahili, yaani Mwislamu wa mwambao, amewahi kutazamwa milimani kama mtu wa kuja na asiyeaminika, ukurasa huo ungestahili kusomwa mara nyingi zaidi.

Tena Yona ni nabii wa ajabu kwa kuwa alisikilizwa. Ninawi yote inatubu, naye anaketi upande wa mashariki wa mji, amekasirika kwamba umesalimika. Yesu anautazama Yerusalemu kutoka mashariki pia, akiteremka Mlima wa Mizeituni, na analia kwa kuwa mji haukusikia na hautasalimika. Sijui ulinganisho mwingine unaosema mengi hivi kuhusu mtume na ujumbe wake.

Wala kifo cha Yesu chenyewe hakitoshi kuthibitisha unabii. Maandiko ya Kiebrania yanataja wachache waliouawa kwa neno lao, Zakaria mwana wa Yehoyada na Uria aliyerudishwa kutoka Misri. Yeremia aliokolewa kisimani na Ebed-Meleki, Mkushi. Waliouawa Rumonge mwaka 1881, na balozi wa Papa, Askofu Mkuu Michael Courtney, aliyepigwa risasi karibu na Minago tarehe 29 Desemba 2003, wanastahili heshima bila kulazimika kuitwa manabii.

Inabaki ishara ya Yona. Kwa Luka, ishara ni mhubiri mgeni ambaye Ninawi ilimsikia, na msomaji Mwislamu anaweza kwenda na Luka hadi mwisho wa kifungu. Mathayo anaongeza siku tatu tumboni mwa samaki na kuzifunga na kaburi la Yesu. Hapo Mwislamu atasimama, kwa kuwa Sura ya 4, aya ya 157, inakanusha kwamba Isa aliuawa na kusulubiwa. Huo ndio mpaka halisi kati ya majirani hawa, na mjadala wa Rumonge ungeanzia hapo, kwenye msalaba, badala ya kuvutana juu ya cheo ambacho wote wawili wamekwisha kumpa.