Kijinzi, Chuma na Mkono wa Bibi

Ukifika Sitalike, mdudu utakayeonywa habari zake ni mbung'o. Vile vijinzi vyenye macho mekundu, vinavyozunguka ndizi zilizoiva mno, hakuna anayevijali. Hata mimi sikuvijali, mpaka siku kikombe cha togwa kilipomponyoka Bibi. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka hata akiwa ametulia. Wengine walisema, aa, uzee tu. Wengine walisema karogwa, na Bibi mwenyewe akaacha kumsalimia jirani yake.

Baadaye daktari akatuambia jina: Parkinson. Nikaanza kusoma.

James Parkinson wa London aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1817. Mwaka 1924 wataalamu waliopima ubongo wa wagonjwa waliokufa wakakuta chuma kimezidi. Chuma! Kile kile ambacho Wafipa, jirani zetu, walikiyeyusha katika matanuru yao marefu, malungu. Damu yetu inakihitaji, lakini kikizagaa ndani ya seli huzila polepole, kama kutu ilavyo jembe.

Sasa, msomaji, chuma ndicho muuaji, au kimekutwa tu msibani? Maiti haijibu. Ndipo kijinzi kikaitwa shahidi.

Ukoo wa kijinzi hiki umefuatiliwa hadi kwenye miombo ya kusini mwa Afrika, misitu ya jamii moja na huu wa kwetu Katavi. Huko New York, mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan alipata kimoja chenye macho meupe, na tangu hapo kikawa mwalimu wa elimu ya urithi. Hukua kwa siku kumi hivi, na jeni zake nyingi zinafanana na zetu. Mwaka 2000 Mel Feany na Welcome Bender walikipandikizia jeni ya binadamu inayohusika na Parkinson. Kilipozeeka kikashindwa kupanda ukuta wa chupa. Wengine wakafuata, wakiongeza chuma na kupunguza. Katika baadhi ya majaribio, vijinzi vilivyopunguziwa chuma vilipata nafuu.

Kesi imekwisha? Wapi! Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya dawa ya kuondoa chuma, deferiproni, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 372 huko Ulaya. Chuma kilipungua ubongoni, lakini waliopewa dawa wakawa na hali mbaya kuliko wasiopewa. Kumbe ubongo ule ule unaoumizwa na chuma unakihitaji pia.

Huku kwetu hata jina la ugonjwa halitufikii. Wilayani Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulichunguza jamii ya watu 161,071 ukathibitisha wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Nilimsimulia Bibi yote hayo, kijinzi na chuma na Wazungu. Alisikiliza, mkono ukitetemeka juu ya khanga.

"Kwa hiyo si jirani?"

"Si jirani, Bibi."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Chota togwa, mpelekee. Mwambie nimemsalimu."