Kabla Hujaitukana Ruta Yako, Soma Hii: NAT Ilitoka Wapi?

Mmepanga gemu na mshkaji wako saa tatu usiku. Bando lipo, umeme upo, pedi imejaa chaji. Unamwita, PS inakutupia maandishi: NAT Type 3. Unazima ruta, unawasha, unaipigapiga mgongoni kama redio ya babu. Wapi!

Iache kwanza hiyo ruta. Tatizo lako huenda ni kubwa kuliko umri wako.

Zile anwani za intaneti za namba nne zenye nukta katikati zilianza kutumika rasmi 1983. Jumla yake ni kama bilioni 4.3 tu. Kipindi kile mtandao huo ulikuwa kitu cha vyuo na jeshi, nani angewaza mtu mmoja atakuwa na simu mbili, TV na PS? Miaka ya 1990 ilipoanza, wahandisi wakaona hizi namba zitaisha. Mei 1994 wawili kati yao wakaandika pendekezo: ofisi nzima itumie anwani chache za nje, na huko ndani kila kompyuta ipewe namba ya kienyeji. Ndiyo hiyo NAT. Na walisema wenyewe kabisa kwamba ni suluhisho la muda mfupi. Muda mfupi, jamani! Miaka 30 imepita na bado tuko nayo.

Ili uelewe inavyokusumbua, fikiria nyumba ya kupanga ya vyumba kumi, geti moja, mlinzi mmoja. Mpangaji akituma mtu dukani, mlinzi anakumbuka, mzigo ukirudi anaupeleka chumba husika. Fresh. Lakini mgeni akija kugonga bila mtu wa ndani kumtaja, mlinzi hajui anakwenda chumba gani. Anamfukuza. Kufungua tovuti ni kutuma mtu dukani. PS ya mshkaji wako inayotaka kuungana na yako moja kwa moja, huyo sasa ndiye mgeni anayegonga.

Wazee wa Doom hawakuyaona haya. Gemu lile lilitoka Desemba 1993, watu wanne wanachapana kwenye mtandao wa ofisini, hakuna geti katikati. Walikuwa na balaa lao lingine: toleo la kwanza lilikuwa linapiga kelele kwa kila kompyuta iliyo kwenye mtandao, mpaka sehemu nyingine likapigwa marufuku. Kisha Xbox Live ikaja 2002, watu wakaanza kucheza kutoka sebuleni, na kwenye magemu mengi mashine ya mchezaji mmoja ndiyo ilikuwa mwenyeji wa wengine wote. Hapo geti likawa shida ya kila mtu.

Dawa zikapatikana mbili. Ya kwanza, unamwambia mlinzi mwenyewe: mgeni yeyote wa mlango 3074 (huo ndio wa Xbox) mpeleke chumba namba tano. Unaingia kwenye ruta kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, angalia kibandiko chini ya ruta, kisha unaipa mashine yako namba isiyobadilika na kuufungua mlango. Ya pili ni UPnP, ambapo PS inaongea na mlinzi yenyewe. Kwa wengi hii inatosha: washa UPnP, zima ruta, washa tena, jaribu. Ubaya wake, kifaa chochote cha ndani kinaweza kuomba mlango, hata chenye virusi. Chagua moja, usirundike zote.

Sasa kuna kitu kilinitesa wiki mbili nzima. Nilifungua milango yote, bado NAT ikawa ileile. Kumbe Februari 2011 ghala kuu la dunia la anwani hizo lilimaliza akiba yake, na 2012 kampuni za mitandao zikatengewa fungu maalum la namba za kuweka geti la pili, huko huko kwao. Yaani mtaa mzima mko nyuma ya mlinzi mmoja usiyemjua, na wewe umehangaika kumpanga wa kwako tu.

Kujipima ni rahisi. Ndani ya ruta tafuta anwani ya nje, ile ya WAN. Ikianza na 100 na namba ya pili iko kati ya 64 na 127, una mageti mawili. Ukiikuta haifanani na ile unayoonyeshwa na tovuti za kuangalia IP yako, hali ni hiyohiyo. Ruta za laini za simu ndizo hasa zenye mchezo huu. Hapo hakuna kitufe kwenye ruta kitakachokusaidia: piga huduma kwa wateja, uombe anwani ya umma. Au uulize kama wana IPv6, ambayo anwani zake haziishi leo wala kesho.

Mimi waliniambia inalipiwa kila mwezi. Nililipa, usiku huohuo ikasoma Type 2, tukacheza mpaka adhana ya alfajiri. Wewe yako inasoma ngapi?