Uhuru Ilirushwa Kutoka Kwetu

Mgeni akija Malindi huonyeshwa nguzo ya Vasco da Gama. Mimi ningempeleka Ngomeni kwanza. Huko baharini, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, ndiko roketi ya Wamarekani ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Setilaiti iliyobebwa ikaitwa Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahususi kutafuta eksirei za angani. Haikuwa na kamera. Ilihesabu miale tu, na ikaikuta hata kwenye galaksi jirani yetu, Wingu Kubwa la Magellan.

Wingu hilo hilo sasa tunalipiga kwa simu. Desemba, saa sita usiku, mwezi ukiwa haupo, geukia kusini: liko nyuzi 24 hivi juu ya bahari. Simu kwenye stendi, sekunde 20 au 30, usiiguse. Litatoka doa la ukungu, nuru iliyosafiri miaka kama 160,000.

Shida ni taa, bana. Ukiwa Ngomeni, kusini ndiko Malindi iliko, na kila hoteli mpya inakula kipande cha anga. Siku hizi napiga picha hamsini, nazipandanisha kwenye laptopu, ndipo doa lionekane.