Mtumba wa Sultani

Jumamosi moja nilikuwa Karume, pale Ilala, napekua makoti. Nikapata moja la sufu, zito, la Ulaya, la kuvaa wapi na joto hili la Dar hata sijui. Nikavutana bei na muuzaji weee, mwisho akachoka yeye. Nyumbani ndipo nilipoona ndani ya kola jina la mtu limeshonwa kwa uzi mwekundu. Dada yangu akacheka mpaka akakaa chini. "Umenunua koti pamoja na marehemu!"

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimezama katika habari za Sultani Majid bin Said, yule aliyeanza kuujenga mji huu wetu miaka ya 1860. Humo nikakuta kwamba naye, mkubwa mzima, alinunua mtumba. Ila wake ulikuwa meli.

Siku hizi matajiri wanauziana yoti zilizokwisha kutumika kama sisi tunavyouziana viatu. Mnunuzi mwenye akili haangalii rangi wala makochi. Hutuma fundi, chombo kikapandishwa nchi kavu, tumbo likagongwagongwa. Tena huambiwa mapema kwamba bei si kitu: atenge kama asilimia 10 ya bei hiyo kila mwaka kwa mabaharia, mafuta, bandari na matengenezo. Lakini fundi hukagua mbao na injini tu. Nani anakagua chombo kimetoka kufanya nini?

Meli ya Majid iliundwa Glasgow, ikashushwa majini Agosti 1863 kwa jina la Sea King. Urefu wake karibu mita 70, mbavu za chuma, ubavuni mbao za msaji, matanga pamoja na mashine ya mvuke. Ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi, na mbio pia. Oktoba 1864 iliondoka London, karatasi zikisema inakwenda Bombay. Bombay gani! Karibu na kisiwa cha Madeira ikakutana na meli nyingine iliyobeba mizinga na maofisa, ikapandishwa bendera mpya, ikapewa jina Shenandoah. Kumbe ilikuwa imenunuliwa kwa siri na majimbo ya kusini mwa Marekani, yale yaliyojitenga ili yabaki na watumwa wao.

Kazi yake ikawa kuwinda meli za wenzao wa kaskazini. Kapteni James Waddell aliizungusha dunia nzima, akakamata meli 38, nyingi akazitia moto. Kilichonishangaza ni tarehe. Jenerali Lee alisalimu amri Aprili 1865. Juni, kule Bahari ya Bering kwenye barafu, Waddell bado anachoma meli za wavuvi wa nyangumi, anapigania serikali ambayo haipo tena! Agosti ndipo meli ya Kiingereza ilipompa habari kamili. Akaficha mizinga chini, akakimbilia Liverpool, na tarehe 6 Novemba 1865 akajisalimisha kwa Waingereza.

Wamarekani wakakabidhiwa meli isiyopendwa na mtu. Mwaka 1866 ikauzwa, na mnunuzi akawa Majid. Akaipa jina El Majidi. Jina lake mwenyewe! Hapa nilicheka kidogo, nikakumbuka kola yangu. Mimi angalau sikushona langu juu ya lile la mwenzangu.

Najua wengine watasema, kosa liko wapi? Mfalme lazima awe na chombo cha fahari, wageni wakija waone. Sawa. Lakini Majid hakuwa tajiri kama tunavyohadithiwa. Tangu 1861 Zanzibar ilitakiwa ilipe Oman riale 40,000 kila mwaka, na forodha yenyewe ilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, ambayo pia ilimdai. Mapato yaliyobaki yalitoka kwenye karafuu na biashara ya pwani. Karafuu zilichumwa na watumwa, na watu wenyewe walikuwa bidhaa, wanauzwa sokoni Mkunazini.

Basi itazame ile meli kwa jicho hilo. Ilipigania wenye mashamba ya pamba ya watumwa, wakashindwa. Ikavuka bahari, ikapata bwana mwingine mwenye karafuu za watumwa. Rangi mpya, jina jipya, kazi ya kuilipia ni ya watu walewale. Nimetafuta majina ya wachuma karafuu wa miaka ile kwenye vitabu hivi, nimepata ya makapteni, ya mabalozi, ya wadai. Ya wachumaji, hata moja.

Majid aliifaidi miaka michache tu. Alifariki Oktoba 1870, nduguye Barghash akarithi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi, kikazitupa meli za Sultani ufukoni, El Majidi ikiwemo. Mwaka huohuo, kule Geneva, Uingereza iliamriwa iilipe Marekani dola 15,500,000 kwa hasara iliyoletwa na meli za namna hiyo, Shenandoah mojawapo. Wenye meli zilizochomwa wakafidiwa. Mkunazini soko likaendelea hadi Juni 1873, na waliouzwa pale hawakufidiwa na mtu.

Barghash hakutaka mtumba. Aliagiza meli mpya kabisa kutoka Scotland, ikashushwa majini mwaka 1878, nayo ikaitwa Glasgow. Ilikaa mbele ya jumba la Sultani mpaka tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoizamisha katika vita visivyofika saa moja. Milingoti yake ikabaki imechomoza majini pale bandarini, kila ashukaye Unguja akiiona, hadi mabaki yalipovunjwa mwaka 1912.