Radiolojia ya mbali

Radiolojia ya mbali (pia teleradiolojia) ni utaratibu wa kutuma picha za uchunguzi wa kitabibu, kama eksirei, CT na MRI, kwa mtandao kutoka hospitali moja hadi nyingine ili zisomwe na daktari bingwa. Jaribio la awali lilifanyika Marekani: mwaka 1950 Jacob Gershon-Cohen na A. G. Cooley walichapisha taarifa ya kutuma eksirei kwa waya wa simu kati ya West Chester na Philadelphia. Kiwango cha picha za kitabibu cha DICOM, cha mwaka 1993, kiliwezesha mashine za watengenezaji mbalimbali kuelewana. Faili la DICOM hubeba picha pamoja na jina la mgonjwa, hivyo ni lazima lilindwe kwa msimbo wa siri. Kipande kimoja cha CT, chenye nukta 512 kwa 512, huchukua takriban nusu megabaiti, na uchunguzi mmoja huweza kuwa na mamia ya vipande. Mtandao dhaifu huchelewesha kazi. Kupiga picha ya skrini kwa simu na kuituma, njia ya mkato iliyozoeleka, hupoteza undani: bingwa hawezi tena kurekebisha mwangaza ili aone mapafu, kisha mifupa, katika kipande kilekile. Ripoti hurudishwa kwa daktari anayemhudumia mgonjwa, naye ndiye huamua tiba.